Nyumba ya mnada ina watu ndani: tuzungumze nao vipi?

Swali: *Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Kongowea, Mombasa. Pamoja na wenzangu wawili tumeweka akiba ya kununua nyumba ya kupangisha. Tumeona tangazo gazetini: nyumba ya vyumba vinne Bamburi, iliwekwa rehani, na benki sasa inaiuza kwa mnada baada ya wiki tatu. Tulipokwenda kuitazama tulimkuta nyanya mmoja anaanika nguo, na mtoto aliyevaa sare za shule akatuuliza, "Mmekuja kuona nini?" Hatukuwa na jibu. Mwenzangu mmoja anasema biashara ni biashara. Mimi usingizi umenipaa. Je, kununua nyumba kama hii ni dhuluma? Tukinunua, tuzungumze vipi na hawa watu? Na tuwaambie wanaweza kubaki kama wapangaji?*

Jibu:

Ndugu yangu,

Mwenzako amekosea kibiashara kabla hata hatujafika kwenye utu. Gunia la mahindi likinadiwa, unalibeba na kwenda zako. Nyumba yenye watu unainunua pamoja na hasira yao, aibu yao, wakili wao na kufuli lao, na vyote hivyo vina bei. Katika kazi yangu ya uwakili nimesimama upande wa benki, upande wa wakopaji, na upande wa wanunuzi kama ninyi. Faili zilizokaa ofisini kwangu muda mrefu kuliko zote ni zile ambazo mnunuzi na mwenye nyumba walionana mara ya kwanza siku ya kudaiana funguo.

Kwa hiyo nasema hivi: onaneni na wenye nyumba sasa, kabla dalali hajagonga nyundo. Pengine mtaishia kununua kutoka kwao wenyewe, na mnada usifanyike kabisa. Lakini mtu hawezi kwenda kubisha mlango ule bila kuelewa wanaoishi ndani wamepitia nini, na hapo nitakaa kidogo.

Tangazo mlilolisoma ni mwisho wa safari ndefu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, mkopaji akikwama kulipa kwa mwezi mmoja, benki inaweza kumpa notisi ya kifungu cha 90, yenye muda usiopungua miezi 3 ya kulipa. Miezi hiyo ikiisha bila malipo, inafuata notisi ya kuuza ya siku 40 chini ya kifungu cha 96. Kisha dalali naye, kwa mujibu wa kanuni za madalali za 1997, hutoa notisi yake ya siku 45, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini. Jumlisha mwenyewe. Ninyi mmeijua habari hii juzi. Watu wale wameishi nayo zaidi ya nusu mwaka.

Nusu mwaka huo hupita kwa siri. Mteja wangu mmoja, mwalimu, aliniletea barua za benki zimefungwa kwa mpira, na nyingi hazikuwa zimefunguliwa. Alikuwa akizichukua kwenye sanduku la posta na kuzisukuma chini ya kiti cha gari. Akiiona nembo ya benki kwenye bahasha tu, mkono unakufa ganzi. Hata nakala ya notisi iliyokuwa ya mkewe aliipokea yeye. Mama wa watu alijua nyumba yake inauzwa siku ambayo notisi ilibandikwa getini, tena aliambiwa na jirani. Alipokaa mbele yangu hakulia kwa sababu ya nyumba. Alilia kwamba miezi yote ile mumewe alikuwa akila naye meza moja na kumwambia mambo yako sawa.

Sijamtaja mwalimu huyu kwa sababu ni wa ajabu. Ni wa kawaida kabisa. Mtu mzima anayekaribia kupoteza nyumba hukaa kimya, kwa sababu kusema ni kukiri mbele ya wakwe, majirani, wenzake wa msikitini au kanisani kwamba ameshindwa. Ndiyo maana hajibu simu za benki, hendi kuomba mkopo upangwe upya, wala hatafuti mnunuzi mapema wakati bado ana nguvu ya kujadili bei. Mnunuzi akimwona hivyo humdhania mkaidi au tapeli. Mara nyingi ni mtu aliyeganda kwa hofu.

Na msiwe wepesi kusema alikopa harusi akalipa matanga. Msemo ule watu huutoa haraka mno. Hapa Pwani, 2020 hoteli zilifungwa na waliokuwa wakiuza samaki, mboga na usafiri kwa hoteli hizo wakabaki na mikopo bila wateja. Waliofanikiwa kupangiwa malipo upya walirudi kulipa, kisha riba ikapanda: kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022, na kufikia Februari 2024 kilikuwa asilimia 13. Mkopo wa nyumba unaofuata kiwango hicho hupandisha malipo ya mwezi bila mkopaji kuongeza hata shilingi moja ya matumizi. Sijui kisa cha nyumba ya Bamburi, na ninyi pia hamkijui. Nendeni mkijua kwamba hamkijui.

Kuna jambo jingine ambalo nyanya uliyemwona amenikumbusha. Ulizeni kwa makini hati miliki ni ya nani. Ni kawaida sana huku kwetu mama au baba kutoa hati yake iwe dhamana ya mkopo wa mwanawe: wa basi, wa duka la vifaa vya ujenzi, wa kontena la mitumba. Mkopo ukikwama, nyumba inayouzwa ni ya mzazi na deni ni la mtoto. Familia ya namna hiyo imegawanyika mara mbili. Kijana hawezi kumtazama mamake usoni, ndugu zake hawasemi naye, na mama mwenyewe mara nyingi ndiye anayemtetea mbele ya watu ingawa usiku analia. Mkienda pale mkaanza kuzungumza na kijana pekee kwa sababu ndiye anayejua mambo ya benki, mtakuwa mmemruka mwenye mali. Mkae na mama kwanza. Mumpe shikamoo yake, mumsikilize, hata kama hana anachojua kuhusu takwimu.

Sasa namna ya kwenda. Nendeni wawili, mchana, kwa miguu kutoka barabarani ikiwezekana. Magari matatu yakisimama getini mtaa mzima utajua, na mtakuwa mmewaongezea aibu kabla hamjasema neno. Msipige picha. Msihesabu vyumba kwa sauti. Mkikuta mtoto peke yake, ondokeni mrudi siku nyingine, na mkiulizwa na mtoto, mwambieni mmekuja kumwona mkubwa wa nyumba. Hilo ni kweli na linamtosha. Habari ya mnada ataambiwa na wazazi wake watakapokuwa tayari.

Mkikaribishwa, semeni wazi ninyi ni nani. Wakopaji huwa wameshazungukwa na watu wanaojifanya marafiki: mawakala wanaoahidi kuzungumza na benki kwa ada, jamaa wanaodai wanamjua karani wa korti. Maneno ya namna hii yanatosha: "Mama, sisi ni wafanyabiashara wa Kongowea. Tumeona tangazo la nyumba hii. Hatukutumwa na benki wala na dalali. Tunafikiria kununua, na tumeona si vizuri kununua bila kuwajua. Kama mngependa kuuza wenyewe kabla ya siku ya mnada, tungependa kusikia." Kisha nyamazeni. Huenda mkafukuzwa. Huenda mtu akaanza kusimulia kila kitu tangu siku ya kukopa, na mtatakiwa kusikiliza saa nzima habari zisizohusu bei. Sikilizeni, maana kwa wengi ni mara ya kwanza kumwambia mtu asiye wa benki.

Kuuza wenyewe kunawezekana. Mpaka nyundo inapogongwa, mwenye nyumba bado ana haki ya kulipa deni na kuikomboa mali yake, na pesa za kulipia zinaweza kutoka kwa mnunuzi aliyempata mwenyewe. Benki haiwezi kuwaonyesha akaunti ya mteja wake kwa kuwa tu mmeuliza. Mkopaji ndiye atakayeiandikia ruhusa. Akishaandika, benki hutaja deni lote hadi siku fulani, wakili wenu huipa benki ahadi ya maandishi ya kulipa kiasi hicho, benki hutoa hati na rehani hufutwa. Benki nyingi hupendelea njia hii, kwa sababu mnada nao una gharama na kesi zake.

Tazama hesabu ya mfano. Tuseme nyumba ina thamani ya sokoni ya milioni 14 na deni ni milioni 9. Mnadani ikienda kwa milioni 11, benki huchukua 9 zake, gharama za dalali na mawakili hukatwa, na familia hutoka na pengine milioni moja na nusu. Mkinunua kutoka kwao kwa milioni 13, wanabaki na karibu milioni 4. Kwa pesa hiyo mtu anaweza kununua ploti ndogo na kuanza upya, au kulipa kodi ya nyumba miaka kadhaa huku watoto wakimaliza shule. Ninyi mmelipa milioni 2 zaidi ya bei ya mnada. Lakini nyumba ya kupangishwa kwa 70,000 kwa mwezi, ikifungiwa na kesi miaka miwili, imewapotezea 1,680,000 kabla hamjamlipa wakili. Mwonyeshe mwenzako hesabu hiyo kama maneno yangu ya utu hayamgusi.

Nina sharti moja hapa, na silegezi. Familia iwe na wakili wake, asiwe wakili wenu. Mtu ambaye maji yamemfika shingoni hutia sahihi chochote. Nimeona mikataba ambapo mkopaji aliuza kwa nusu ya thamani kwa ahadi ya mdomo kwamba ataikomboa nyumba baadaye. Huo ni uwindaji, haijalishi umefanywa kwa tabasamu kiasi gani, na korti ikiletewa mkataba kama huo inaweza kuuvunja. Ikiwa hawana pesa ya wakili, gharama hiyo iingizwe kwenye bei. Na wakati huohuo wakili wao aombe taarifa kamili ya akaunti aikague. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo: mkopo ukishaacha kulipwa, riba inayoendelea kudaiwa haiwezi kuzidi kiasi cha mtaji, yaani mkopo wenyewe bila riba, kilichokuwa kinadaiwa siku hiyo. Deni lililopunguzwa kihalali ni pesa inayobaki mikononi mwa yule nyanya.

Ikishindikana, mnaweza bado kwenda mnadani. Mambo matatu wakili wenu ayatazame kabla hamjainua mkono, na yote yana mizizi kwenye maumivu ya mtu. Kwanza ni ridhaa ya mke au mume. Ikiwa hiyo ndiyo nyumba ya ndoa, kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi kinasema rehani ni halali tu ikiwa mwenzi alitia sahihi au kuna ushahidi kwamba aliridhia. Mke ambaye hakuambiwa atakuwa na uchungu wa ndoa na hoja ya sheria kwa pamoja, na mchanganyiko huo hauchoki kortini. Pili, bei ikiwa rahisi mno iogopeni. Kifungu cha 97 kinaitaka benki itafute bei bora inayoweza kupatikana; nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba benki imekiuka wajibu wake hadi ithibitishe vinginevyo, na mwenye nyumba anaweza kuiomba korti ibatilishe mauzo. Tatu, mjiulize kama mmeambiwa au mmeona dalili ya ujanja kati ya benki na dalali. Kifungu cha 99 kinamlinda sana mnunuzi wa mnada: hata notisi zikiwa na kasoro, kwa kawaida mkopaji atadai fidia kwa benki, hati itabaki kwenu. Ulinzi huo unaondoka mkijua, au mkitakiwa kujua, kwamba kulikuwa na udanganyifu.

Halafu kuna siku ya funguo. Watu hudhani ukishalipa asilimia 25 siku ya mnada na salio ndani ya siku 90, mlango unafunguka wenyewe. Haufunguki. Sheria inataka mtu anayekaa kwenye ardhi yako bila ridhaa yako apewe notisi ya maandishi isiyopungua miezi 3 kabla ya kuondolewa, naye ana haki ya kwenda kortini kupinga. Na hata kuondolewa kwenyewe, kifungu cha 152G kinataka kufanyike kwa kulinda utu wa watu, na kwa uangalifu wa pekee kwa wanawake, watoto, wazee na walemavu. Atatokea mtu kukushauri ulipe vijana kumi waje alfajiri watoe vyombo nje. Mkatae papo hapo. Nimeona picha za harusi zikikanyagwa kwenye tope na mzee akitafuta dawa zake za sukari chini ya godoro, huku wanafunzi wakipita kwenda shule. Ni kosa, na mtaa hausahau. Wapangaji wenu watasimuliwa kisa hicho kabla hawajafungua mizigo.

Njia bora ni kutenga pesa ya kuwahamisha. Kodi ya mwezi mmoja au miwili na amana ya nyumba mpya, pamoja na lori la mizigo, iandikwe kwenye makubaliano, ilipwe siku wanapokabidhi funguo nyumba ikiwa tupu. Wapeni tarehe inayoangukia likizo ya shule ili mtoto asikatishwe muhula. Kama kuna mgonjwa, ongezeni wiki. Na waacheni wang'oe wanachotaka kung'oa kisicho sehemu ya jengo: mmea wa bustani, kibao cha jina getini. Mwanamke mmoja aliniomba nimwombee kwa mnunuzi kitu kimoja tu, fremu ya mlango wa jikoni iliyokuwa na alama za urefu wa watoto wake mwaka kwa mwaka. Mnunuzi alimwita fundi akaitoa siku hiyohiyo, akaweka nyingine. Familia ile ilihama bila notisi ya pili.

Kuhusu kubaki kama wapangaji, jibu langu ni hapana, isipokuwa kwa muda mfupi wenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Najua unalipendekeza kwa moyo mweupe. Lakini mtu anayelipa kodi ya nyumba aliyoijenga hawezi kuipumzisha akili yake. Kila mwezi anakutana na aibu ileile, kodi inachelewa, nawe unageuka benki ya pili anayoikimbia. Mbaya zaidi ni ahadi ya kwamba akipata pesa atainunua tena. Usiitoe kama huna nia ya kuiandika kwa bei na tarehe mbele ya mawakili wa pande zote mbili. Huruma inayotolewa ili mtoaji apate usingizi huja kumuumiza anayepokea.

Umeuliza kama ni dhuluma. La fatwa mwulize shehe wako, mimi ni wakili. Ninayoweza kusema ni kwamba Qurani, katika aya ya 280 ya Suratul Baqara, inamtaka anayedai ampe mdaiwa mwenye dhiki muda hadi apate wepesi, na anayedai hapa ni benki. Kununua kitu kilichouzwa kwa utaratibu wa sheria hakukufanyi mwizi. Ila wenzako wasikwambie "tusiponunua sisi atanunua mwingine" wakadhani wamemaliza. Hiyo inaeleza kwa nini nyumba itauzwa. Haielezi ninyi mtafanya nini mkishaipata, na hilo liko mikononi mwenu lote. Kaeni watatu, kabla ya mnada, mwandike mambo ambayo hamtayafanya hata faida ikiwa kubwa: hakuna vijana wa kutoa vyombo, hakuna kukata maji na umeme, hakuna mkataba bila wakili wa upande wa pili. Mkitofautiana kwenye karatasi hiyo, afadhali mjue sasa kuliko mkiwa na hati yenye majina matatu.

Wiki tatu ni chache lakini zinatosha kuanza. Kesho wakili wenu atafute rekodi ya ardhi ajue jina lililo kwenye hati na tarehe ya rehani. Keshokutwa nendeni Bamburi wawili, wewe na yule mwenzako wa biashara ni biashara. Wakikubali kuzungumza, waiandikie benki siku hiyohiyo kwamba wamepata mnunuzi na waombe mnada usogezwe, kwa sababu benki haisogezi tarehe kwa maneno ya mdomo. Wakikataa kufungua mlango, acheni namba ya simu kwenye karatasi mkaondoke. Wengine hupiga simu usiku wa kuamkia mnada, kwa hiyo usiizime.